Nyumba Ndogo ya Kisasa: Matumizi ya Umeme Huanzia Kwenye Ramani

Mwananchi anayejiandaa kujenga huwa na hesabu ya saruji, nondo na mabati, lakini ni nadra kuwa na hesabu ya umeme utakaotumika ndani ya nyumba hiyo kila mwezi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matumizi hayo huamuliwa na ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia katika kusanifu nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala katika maeneo ya joto ya Pwani, ikiwemo Dar es Salaam.

Hesabu ya uniti

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa majumbani aliye katika kundi la matumizi madogo hulipia shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Kiyoyozi kinachovuta kilowati moja mfululizo kwa saa 8 hutumia uniti 8, hivyo usiku kumi pekee hufikisha uniti 80. Feni mbili za wati 60 zikiwashwa saa 8 kila siku hutumia takribani uniti 29 kwa mwezi. Ongeza taa sita za LED za wati 9 kwa saa 5 kila siku, ambazo ni uniti 8, pamoja na jokofu linalotumia uniti moja kwa siku. Jumla haifiki 70. Kinachoamua iwapo feni itatosha ni usanifu wa nyumba yenyewe.

Umbo na mwelekeo

Nyumba ya mstatili wa mita 6 kwa 10 ina eneo la mita za mraba 60 na mzingo wa kuta wa mita 32. Eneo hilo hilo likijengwa kwa mita 4 kwa 15, mzingo hufika mita 38. Kuta ndefu na kona nyingi huongeza gharama ya ujenzi na nafasi ya joto kuingia. Sebule, sehemu ya kulia chakula na jiko vikiwa katika nafasi moja, korido hupungua. Jiko na bafu vikipakana, mabomba huwa mafupi.

Dar es Salaam ipo takribani nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima, na kuta zinazopigwa zaidi ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Kwa hiyo pande fupi za nyumba zielekezwe mashariki na magharibi, na madirisha makubwa yawekwe kaskazini na kusini, ambako paa lililochomoza sentimita 75 hutosha kutia kivuli sehemu kubwa ya dirisha. Bafu na stoo vikiwekwa magharibi huvikinga vyumba vya kulala na joto la alasiri.

Hewa na paa

Upepo wa kaskazi na wa kusi hunufaisha chumba chenye madirisha katika kuta mbili, ili hewa iingie upande mmoja na kutokea mwingine. Ikumbukwe kuwa dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu ya upana wake.

Bati hupokea jua siku nzima. Bati la rangi nyeupe au nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Dari pamoja na matundu yenye wavu katika pande mbili za paa huzuia hewa ya moto kurundikana juu ya vichwa vya wakazi.

Maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya yana mahitaji tofauti: huko nyumba inatakiwa kuhifadhi joto, na jua la asubuhi katika vyumba vya kulala ni faida.

Kabla ya kuomba kibali

Ramani iliyonakiliwa kutoka kwa jirani haikuchorwa kwa ajili ya kiwanja chako. Kiwanja kikitazamana na barabara upande wa magharibi, ramani hiyo yaweza kuweka madirisha yote makubwa kwenye jua la alasiri. Kabla ya kuwasilisha michoro katika halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi, mwananchi anashauriwa kumtaka msanifu majengo aliyesajiliwa aoneshe mshale wa kaskazini na mkondo wa upepo katika kila chumba. Kugeuza nyumba kwenye karatasi ni kazi ya siku chache. Baada ya msingi kumwagwa, kosa hilo hulipiwa kwa uniti kila mwezi.