Hakuruhusiwa Kuingia Ndani, Sauti Yake Ikaingia: Stori ya Jhalak Man Gandharva

Wadau, leo tunatoka Bongo kidogo, tunapanda milima ya Nepal. Najua wengi mkisikia Nepal mnawaza mlima Everest na baridi, basi. Lakini kule kuna mwimbaji mmoja, sasa ni marehemu, ambaye stori yake ukiisoma hadi mwisho lazima utamkumbuka ndugu yako fulani aliyeko mbali.

Anaitwa Jhalak Man Gandharva. Alizaliwa mwaka 1935 Batulechaur, kijiji kilicho jirani na mji wa Pokhara.

Hilo jina la mwisho lina maana kubwa. Gandharva ni jamii ya waimbaji wa kutembea, zamani wakiitwa Gaine. Chombo chao ni sarangi. Kinachongwa kwenye kipande kimoja cha mti, kina nyuzi nne na kinapigwa kwa upinde. Kama umewahi kusikia zeze la Wagogo kule Dodoma, ule mlio kama mtu analia, basi umeshapata picha. Jhalak Man aliingia kwenye kazi hiyo tangu mdogo, kwa sababu kwao ni kazi ya ukoo, baba anamrithisha mtoto.

Na haikuwa burudani tu. Kabla ya redio, hawa jamaa ndio walikuwa taarifa ya habari. Mfalme kashinda vita, kijana wa kijiji cha pili kafia ugenini, vyote vilipita kwenye sarangi. Wanafika kwenye nyumba, wanaimba, wanapewa mchele au nafaka nyingine, wanasonga mbele.

Sasa sikia upande wa pili. Nepal watu waligawanywa kwa matabaka, na sheria ya nchi ya mwaka 1854 iliyaandika kabisa, nani yuko juu na nani yuko chini. Gandharva waliwekwa chini kabisa, kundi la wasioguswa. Maji aliyoyagusa mtu wa kundi hilo, wa tabaka la juu hanywi. Ndani ya nyumba zao haingii. Kwa hiyo mtu anaimba uani, wenye nyumba wanatokwa machozi, halafu anapewa mchele wake na kuondoka bila kuvuka mlango. Yaani sauti wanaipenda, mwenye sauti abaki nje.

Mwaka 1951, utawala wa ukoo wa Rana ulipoanguka, Radio Nepal ikaanza kurusha matangazo. Baadaye Jhalak Man akawa Gandharva wa kwanza kurekodi pale. Tulia uifikirie hiyo. Yule anayezuiwa mlangoni, sasa anaimba katikati ya sebule, na mwenye nyumba ndiye anayeongeza sauti ya redio.

Wimbo uliompa jina unajulikana kama Aamale Sodhlin Ni. Ili uuelewe, lazima ujue habari ya vijana wa Nepal na jeshi. Tangu mwaka 1815 Waingereza walianza kuwachukua vijana wa milimani kuwa askari wao, hao ndio Gurkha mnaowaona kwenye filamu za vita. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia walienda wapatao 200,000. Kwao askari kama huyu anaitwa lahure, neno linalotokana na mji wa Lahore, ambao leo uko Pakistan, kwa sababu zamani vijana walikuwa wanaenda huko kujiunga na jeshi.

Na usidhani ni mbali na sisi. Novemba 1914, Waingereza walipotua Tanga kupigana na Wajerumani, kulikuwa na Gurkha ndani ya kikosi cha Kashmir Rifles. Kuna mama huko milimani alikuwa anamsubiri mtoto wake, na mtoto yuko Tanga anapigana vita isiyomhusu.

Zamani Gandharva waliimba sana karkha, nyimbo ndefu za kusifu wafalme na mashujaa. Kwenye huu wimbo hakuna cha jemadari wala medali. Kuna askari anakufa ugenini, na anawawaza watu wa nyumbani mmoja mmoja, na majibu watakayopewa siku wakimuulizia. Huyo askari hatajwi jina. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu, maana mama yeyote aliyekuwa anasikiliza redio angeweza kuweka jina la mwanawe.

Serikali ilikuwa inapokea sifa za Gurkha, Uingereza inapata askari. Aliyewaimbia waliobaki nyumbani na kilio chao ni mtu ambaye hata maji yake hayanyweki. Hiyo ndiyo inaniuma kwenye stori hii.

Mwaka 1963 sheria mpya ikafuta ule mpangilio wa matabaka. Kwenye karatasi, lakini. Mitaani na vijijini ubaguzi wa Dalit haujaisha mpaka leo. Jhalak Man alifariki mwaka 2003, na leo anahesabiwa kati ya waimbaji wakubwa wa nyimbo za asili Nepal. Sarangi, ambayo zamani ilikuwa alama ya ombaomba, sasa vijana wa matabaka mengine nao wanajifunza kuipiga.

Ila wimbo wenyewe haujazeeka. Vijana wa Nepal siku hizi wanaenda Qatar, Saudia na Malaysia, kujenga maghorofa na kulinda mageti, na baadhi wanarudi kwenye jeneza uwanja wa ndege wa Kathmandu. Na sisi hapa tunao dada zetu Omani na Dubai. Simu ikikaa wiki mbili haipatikani, mama anaanza kuuliza, na nyinyi wa nyumbani mnabaki mnatazamana.

Mtafute YouTube, uchape jina lake. Kinepali hutakielewa, mimi pia sikielewi. Sikiliza tu ile sarangi.

Halafu niambie hapo chini: kwetu nani amewahi kuwaimbia wanaosubiri nyumbani, siyo walioondoka?