Dhamana ya Majukwaa ya Intaneti kwa Matangazo ya Ulaghai

Ni wajibu wa kisheria unaowapasa wenye majukwaa ya intaneti kwa matangazo ya uongo wanayoyapokea kwa ujira na kuyaeneza. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu laghai mwenyewe, walakini haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza yapitayo kwake, naye husalimika ayaondoapo mara apatapo amri. Hivyo mchuuzi wa Ngamiani, mjini Tanga, aliyeona tangazo la mkopo lenye picha ya kiongozi akatuma “ada ya fomu” kwa simu, hubaki na hasara yake, ilhali jukwaa limekwisha kupokea malipo ya tangazo. Kwa insafu, hapo ndipo penye kasoro. Uingereza, kwa sheria yake ya usalama wa mtandaoni ya mwaka 2023, imeyawekea majukwaa makubwa faradhi ya kuzuia matangazo hayo yasimfikie mtu.