Chumba cha Jua na Kibaraza cha Wavu

Picha za nyumba za ng'ambo zimetuletea kitu ambacho Kiswahili hakijakipa jina lililotulia. Ni ule upande wa nyumba, mara nyingi kibaraza cha zamani, uliozungushiwa vioo kuanzia karibu na sakafu hadi darini, ili watu wakae ndani huku wakiota jua. Waingereza wamekiita kwa kuunganisha jua na chumba, na mfasiri mwenye haraka huandika "chumba cha jua" akaendelea na kazi nyingine. Naamini jina hilo linafaa Mbinga mjini, milimani, na linapotosha Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ingawa hadi mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa, sehemu hizo mbili zilikuwa katika wilaya moja.

Kitu chenyewe kilizaliwa kwenye baridi. Uingereza ilikuwa ikitoza kodi ya vioo, na kodi hiyo ilipofutwa mwaka 1845 bei ya kioo ilishuka. Miaka sita baadaye London ikajengewa jumba zima la chuma na vioo kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1851, na wenye uwezo wakaanza kupachika vyumba vya vioo ubavuni mwa nyumba zao, kwanza kwa ajili ya mimea, kisha kwa ajili yao wenyewe. Sababu iko katika kioo. Mwanga wa jua hupita, ukaipiga sakafu na viti, navyo vikapata moto na kutoa joto la aina nyingine ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kwa urahisi. Hewa nayo imefungiwa, haina pa kwenda. Katika nchi ambako jua la Januari ni la kutafutwa, hiyo ni neema.

Sasa tukiweke chumba hicho Kihagara. Tanzania iko upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo ziwa liko magharibi mwa nyumba, na kila anayejenga ili aone maji anaielekeza nyumba yake machweo. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la bondeni halina mzaha. Alasiri jua linaposhuka linapiga ukuta wa mbele moja kwa moja, na maji yanaurudisha mwanga uleule kutoka chini. Upenu hausaidii sana saa hizo. Jua likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, ukitaka kulitia kivuli pazia la vioo lenye urefu wa meta 2 unahitaji upenu uliojitokeza karibu meta 3 na nusu, na jua likizidi kushuka hata huo hautoshi. Chumba cha vioo kinachotazama ziwa, kwa hesabu hiyo, ni gari lililofungwa madirisha na kuachwa juani. Mwenye nyumba atatumia fedha nyingi, atakaa humo asubuhi, na kuanzia saa nane mchana atahamia chini ya mwembe.

Ukipanda kwenda Umatengo mambo yanageuka. Milima ya Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, iko juu ya meta 1,300, na kwingine inafika karibu 2,000. Joto hupungua kwa takribani digrii 6 kila upandapo meta 1,000, na mwezi wa Juni na Julai watu huvaa makoti. Huko chumba cha kuotea jua kina maana yake kamili, ila kielekezwe kaskazini. Sisi tuko kama digrii 11 kusini mwa ikweta: jua hupita utosini karibu na tarehe 20 Februari na 22 Oktoba, na katikati ya kipindi cha baridi hupita upande wa kaskazini, likifika digrii 55 hivi adhuhuri. Kioo cha kaskazini kinalipokea jua la Juni na kulikosa jua kali la Desemba, ambalo wakati huo limehamia kusini kidogo ya utosi. Vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa Ulaya vinashauri kioo kitazame kusini. Fundi wa Mbinga akivifuata bila kugeuza ramani atajenga chumba cha baridi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta jina ni vema kusikiliza kitenzi. Mafundi wetu hawasemi wanajenga chumba cha jua; wanasema wanakizungushia kibaraza, na swali linalofuata ni: unakizungushia nini? Vioo, nondo, matofali ya matundu, mbao, wavu? Hapo ndipo uamuzi wote ulipo, kwa sababu kilichozungushwa ndicho kinachoamua kama joto litabaki au litatoka, kama mbu atapita au atazuiwa, kama jirani ataonekana. Jina linaloishia kwenye "jua" linaificha taarifa hiyo. "Kuzungushia" ni bora pia kuliko "kufunga", maana kufunga baraza ni jambo la mwenyekiti anapomaliza kikao, na kuvunja baraza ni la Rais.

Lugha ina utajiri wa maneno ya sehemu hii ya nyumba, na kila moja limebeba historia yake. Daka, katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani, ni kipenyo cha mlangoni, na pembeni mwake kuna baraza, yaani benchi la mawe la kupokelea wageni. Kutoka kwenye benchi hilo neno likapanda hadi kikao, kisha hadi Baraza la Mawaziri, na huku bara likabaki kumaanisha sehemu ya mbele yenye paa na isiyo na kuta. Veranda imepitia India na Ureno kabla ya kutufikia. Ukumbi, ambao zamani uliweza kuwa sehemu ya mbele ya nyumba, leo umeingia ndani na kuwa mahali pa harusi na mikutano. Roshani nayo ina asili ya Kiajemi, na asili hiyo inahusishwa na mwanga. Ingekuwa tafsiri nzuri mno ya chumba cha jua kama haingekuwa tayari imeshikwa na kazi ya ghorofani. Anayetaka kuihamisha roshani na kuishusha chini atawachanganya wasomaji wa Zanzibar, na sioni faida yake.

Kinachofaa Kihagara ni kibaraza cha wavu, na kitu hicho kina ukoo wake wa heshima, tofauti kabisa na ule wa vioo. Mwaka 1899 daktari wa Kiitaliano Angelo Celli aliweka nyavu kwenye madirisha na milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli katika nyanda zenye malaria, akaonyesha kwamba waliokaa ndani ya nyavu waliugua kidogo kuliko wenzao. Mwaka uliofuata madaktari kutoka London waliishi msimu mzima kwenye kibanda cha wavu karibu na Ostia, wakijifungia kila jioni, na hawakupata homa. Tangu hapo kibaraza cha wavu kikaenea katika nchi za joto, hasa kwenye nyumba za maofisa na wamisionari, huku nyumba za wenyeji zikiachwa wazi. Kwamba wavu unafaa nyumba ya kawaida ya Kiafrika kumethibitishwa pia: utafiti uliofanyika Farafenni, Gambia, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009, ulionyesha kuwa kuweka nyavu milangoni na madirishani na kuziba nafasi kati ya ukuta na paa kulipunguza mbu ndani na kupunguza upungufu wa damu kwa watoto. Hiyo nafasi kati ya ukuta na paa ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria, na kwenye nyumba zetu za zamani ipo wazi kabisa.

Ziwa lina wadudu wengine pia. Kuna nyakati wanapaa kutoka majini kwa wingi kiasi kwamba kwa mbali unadhani ni moshi. Ng'ambo, Malawi, huitwa nkungu, na watu huwakusanya na kuwala. Wakisukumwa na upepo kuelekea pwani na kukuta taa inawaka kibarazani, chakula cha jioni kimekwisha. Wavu wenye matundu madogo unawazuia wengi wao, lakini kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Dawa yake ni kuweka wavu mpana, ukuta mzima badala ya dirisha, ili upepo wa mchana unaotoka ziwani uendelee kuingia. Kwa jua la alasiri, pazia la mianzi linaloshushwa nje ya wavu linafanya kazi ambayo upenu hauwezi.

Nyumba ya zamani inadai uangalifu wa aina yake. Nyingi ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, juu ya msingi wa mawe ambao umekwisha kukaa na kutulia kwa miaka mingi. Ukimwaga zege jipya pembeni na kulifunga kwa nondo kwenye ukuta wa zamani, upande mpya utazama kidogo mvua ya kwanza ikilowesha udongo, wa zamani hautazama, na ufa utafuata mstari wa muungano. Nguzo za kibaraza zisimame kwenye msingi wao, na pawe na nafasi ndogo kati yake na ukuta. Kibaraza cha wavu ni chepesi, na hili nalo ni sababu ya kukipendelea kuliko vioo na fremu zake nzito. Bati la kibaraza lianze chini ya bati la nyumba. Likianzia usawa mmoja nalo, maji ya masika yatarudi ndani. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo nondo na nyavu za chuma hudumu kuliko Tanga au Bagamoyo, lakini mchwa hawajali tofauti hiyo, na mbao za chini zinahitaji dawa.

Sheria nayo ina neno. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nyumba iliyokuwepo zamani ni jambo moja, kuipanua kuelekea majini ni jambo jingine, na zege la kibaraza ni kitu cha kudumu. Kabla ya kununua mfuko wa saruji, mwenye nyumba apime hatua zake na kuuliza ofisi ya kijiji na ya wilaya.

Kwa mwandishi wa kamusi basi, ningependekeza vidahizo viwili. "Chumba cha jua" kibaki kwa chumba kilichozungushiwa vioo ili kukusanya joto. "Kibaraza cha wavu" kiwe sehemu ya nyumba yenye paa iliyozungushiwa wavu ili kuzuia wadudu na kupitisha hewa. Nimechagua kibaraza kwa makusudi, ili baraza lenyewe lisiingizwe ndani. Mbele ya nyumba za ziwani ndipo nyavu za uvuvi zinaposhonwa, samaki wa usipa huchambuliwa, wazee hukaa, na siku ya msiba jirani hupata pa kuketi bila kubisha mlango. Fundi anayezungusha wavu aache hatua tatu au nne chini ya paa zikiwa nje yake, na hapo aweke benchi la matofali.