Huyu Siye

Nilizaliwa Kimwani, kusini ya Muleba, wakati eneo hilo lote lingali chini ya Wilaya ya Bukoba na mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Mtu akisikia Bukoba hufikiria upesi migomba na mibuni iliyosongamana hata jua halifiki chini. Kwetu si hivyo. Kwetu vibanja ni kama visiwa. Baina ya kibanja na kibanja ni rweya, yaani uwanda wa nyasi, na nyuma ya rweya ni pori linaloendelea mpaka Ziwa Burigi na Biharamulo. Simba tuliwasikia tukiwa tumelala kitandani.

Simba kwa lugha ya nyumbani ni entale, na chui ni engo. Lakini bibi yangu alitukataza kuyataja majina hayo jua likishatua. Alisema tu "yule wa nje". Nilidhani ni adabu ya watoto. Baadaye nikaona kwamba hata watu wazima, tena wenye mikuki, waliifuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, mbuzi walianza kupotea. Kisha akachukuliwa ndama ndani ya boma. Kisha mama mmoja jirani yetu alitoka nje usiku kwa haja yake, asirudi. Asubuhi ilikutwa kanga yake, na mburuzo uliokwenda hadi kwenye rweya.

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa amemwona mnyama. Mmoja alimkuta magharibi akivuka njia: mkubwa kama ndama wa mwaka, rangi ya majivu, hana madoa ya chui, hana manyoya ya simba shingoni. Mwingine alisema macho yake yalikuwa juu mno, kama ya mtu aliyesimama. Ikasemwa huyu si simba wala chui. Na kama si simba wala chui, basi ni mnyama wa mtu. Na kama ni wa mtu, mtu huyo ni nani?

Msomaji, hapo ndipo ninapoingia mimi. Pembeni ya rweya alikaa mzee mmoja mwindaji, mtu wa kuja, hana mke wala mtoto, ana mbwa wawili tu. Asubuhi moja nilipokwenda kuchota maji nilimwona amechuchumaa njiani. Mbele yake palikuwa na alama ya unyayo mkubwa. Alikuwa akiigusa kwa vidole, midomo yake ikichezacheza. Nilikimbia nyumbani nikasema nilichokiona. Balozi wa nyumba kumi alipoitisha mkutano nilisimamishwa mbele ya wazee, nikaulizwa, "Alikuwa anasema na unyayo?" Nikajibu, "Ndiyo." Hakuna aliyenifundisha jibu hilo. Niliona tu kwamba ndilo lililokuwa likingojewa.

Mzee hakupigwa. Aliambiwa aondoke kabla ya jua kutua, na kibanda chake kikatiwa moto. Alipita mbele ya nyumba yetu na mkeka begani, mbwa wakimfuata. Baba aliingia ndani ili asimsalimu.

Miezi miwili baadaye askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba jike upande wa Burigi. Alikuwa mzee, amekonda, manyoya yamechujuka, na meno mawili makubwa yamevunjika. Alibebwa hadi kijijini ili watu wamwone. Nakumbuka watu walimzunguka kimya, kisha mmoja akasema, "Huyu siye." Wengine wakaitikia, huyu siye, yule alikuwa mkubwa zaidi. Vifo vilikoma, lakini neno hilo halikukoma.

Nilipokuwa chuo cha ualimu niliangukia kitabu kilichonirudisha siku ile. Ni hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, yule aliyekuja kuwa askofu, na kuchapwa London mwaka 1870. Imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alianza na mifugo. Watu walipolalamika, sultani alisema paka ni wake na mifugo ni yake, basi wamwache. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu, na jibu likawa lile lile. Siku alipowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo sultani alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda, mla watu. Mtoto mdogo akatoka kwenda kumwua. Akaua mbwa, akaua ngawa, akaua twiga, akaua tembo, na kila mara alipoleta mzoga mama yake alimwambia bado, huyo siye. Mwisho akampata mwenyewe.

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Pwani na Kimwani ni mwendo wa siku nyingi, lakini neno lililosemwa juu ya mzoga ni moja.

Nunda huyo ana jina jingine, mng'wa, na wako waliomchukulia kuwa mnyama wa kweli kabisa. Mwingereza William Hichens, aliyekuwa na kazi ya serikali huko Lindi, alieleza kwamba mwaka 1922 watu waliuawa usiku katika vijiji vya pwani, mmoja wao askari aliyelinda soko, na mikononi mwa maiti yakakutwa manyoya ya kijivu. Wenyeji walimwambia kwamba simba wanamjua na chui wanamjua, na huyu si mmoja wao: ni mkubwa kama punda, ana michirizi kama paka wa nyumbani. Hichens aliyaandika hayo mwaka 1937 katika jarida moja la Uingereza. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans, mwanasayansi aliyejulikana sana kwa habari za wanyama wasiothibitishwa, akayaingiza katika kitabu chake, na tangu hapo mng'wa amesafiri dunia nzima. Tena Hichens huyu si mgeni kwa wapenzi wa lugha yetu: ndiye aliyehariri Al-Inkishafi, iliyotoka mwaka 1939. Mtu mmoja alipenda tenzi za Waswahili na hofu za Waswahili pia.

Hata hivyo haijapatikana ngozi wala fuvu la mng'wa. Siwacheki waliosema wamemwona, kwa kuwa nami nimeishi kati ya watu kama hao na hawakuwa waongo. Mtu anayemwona simba jike mzee wakati wa magharibi, na jirani yake alizikwa jana, haoni alichonacho mbele ya macho tu. Anaona na kile anachokiogopa.

Ninalotaka kulisema ni la baada ya kuona. Mnyama akishakosa jina, watu humtafutia mwenyewe. Huko Singida, kati ya mwaka 1946 na 1948, iliripotiwa kwamba zaidi ya watu 100 waliuawa kwa makucha. Ikasemwa kuwa wauaji ni mbojo, yaani watu-simba, vijana waliofichwa na kuvishwa ngozi, kisha kukodishwa kwa wenye chuki. Serikali ya kikoloni iliwakamata watu wengi, na baadhi yao wakanyongwa. Wataalamu waliokuja nyuma wamebishana sana: ni vifo vingapi vilikuwa vya watu, na vingapi vya simba wenyewe? Swali hilo aliyenyongwa halimfai tena.

Njombe nako, tangu miaka ya 1930 hadi 1947, simba walikula watu kwa mamia. George Rushby, bwana nyama, alipofika aliona kwamba watu hawataki hata kumtaja simba. Waliamini kwamba wametumwa na jumbe mmoja mganga aliyevuliwa madaraka. Rushby na watu wake waliua simba 15, na mauaji yakaisha. Wenyeji walikuwa na hesabu yao: yameisha kwa sababu jumbe amerudishiwa cheo. Lakini liko jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana barazani. Serikali ilikuwa imeteketeza wanyama wa porini katika sehemu zile ili kuzuia sotoka ya ng'ombe isivuke kwenda kusini. Simba aliyenyang'anywa nyama yake alitafuta nyingine. Sultani Majnuni angelielewa jambo hilo.

Na siku za karibu zaidi, watafiti wakiongozwa na Craig Packer walionyesha mwaka 2005 kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya kusini, pamoja na Lindi ile ile ya Hichens. Sababu kubwa waliyoiona ni nguruwe mwitu. Nguruwe huingia shamba wakati wa mavuno. Mkulima hulala kwenye kidungu ili alinde mazao. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mkulima. Rufiji, simba mmoja aliyepewa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 kabla ya kuuawa mwaka 2004, na katika taya lake lilikutwa jino lenye jipu kubwa. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka jike letu na meno yake yaliyovunjika.

Basi nikizilinganisha habari hizi, naona hadithi ya nunda ina hekima ambayo mkutano wetu wa kijiji haukuwa nayo. Hadithi haikumtafuta mzee asiye na mtu. Ilimwelekea sultani, mwenye uwezo wa kumzuia paka angali wa mifugo, asimzuie. Sisi wa Kimwani tulikuwa na maswali mengi ya kuuliza: kwa nini pori limebaki na mitego mingi na wanyama wachache, kwa nini choo kiwe mbali na nyumba, kwa nini askari wafike baada ya miezi miwili. Yote hayo yalikuwa mazito, na mzee yule alikuwa mwepesi.

Nilikutana naye tena. Ilikuwa sokoni Biharamulo, nikiwa tayari mwalimu. Alikuwa ameketi chini, anauza kamba za katani na miti ya dawa. Nilimtambua kwa mkono wake wa kushoto uliokosa kidole. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamtajia jina la baba yangu. Alinitazama kwa muda.

"Wewe ndiye mtoto wa ndoo," akasema.

"Ndimi, mzee."

"Alikamatwa yule?"

Nikamwambia ndiyo, lilikuwa jike la simba, limezeeka, limevunjika meno.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya. "Nilijua ni jike. Unyayo wa mguu wa nyuma ulikuwa unaburuzika. Siku ile nilikuwa nahesabu amepita saa ngapi, ili nimfuate kabla umande haujakauka. Ukaniona, ukakimbia. Nilidhani umemkimbia simba."

Nilitaka kumwomba radhi. Maneno yalikuwapo, nilikuwa nimeyatunza miaka mingi. Lakini mteja alikuja akauliza bei ya kamba, mzee akageuka kumhudumia, nami nikasimama pale kama nilivyosimama mbele ya wazee, safari hii bila jibu. Nilinunua kamba tatu nisizozihitaji. Alinirudishia chenji yote, hata senti hakuacha.

Mwaka 2019 mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sasa watu hulipa kiingilio kutazama kule tulikokukimbia. Nikienda nyumbani wajukuu huniuliza kama ni kweli babu aliwahi kumwona mnyama wa ajabu. Huwaambia ndiyo, niliona unyayo wake, nao ulikuwa unyayo wa simba. Na pembeni yake nilimwona mtu akiusoma, nami nikasema uongo juu yake. Wao husubiri niendelee na habari za mnyama. Nami huwaambia hadithi ni hiyo.