Treni ya Makopo

Reli haijawahi kufika Mbulu wala Hanang. Wajerumani waliitoa Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929, ikagota hapo. Reli ya Kati nayo ilipita mbali kusini, Dodoma na Tabora, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Huku kwetu katikati, kwenye vilima vya Wairaqw na mbuga za Wabarbaig, mtu angeweza kuzeeka bila kusikia honi ya garimoshi. Lakini treni tulikuwa nazo, msomaji mpenzi. Tena nyingi tu.

Tuliziiga kutoka kwenye picha za vitabu vya shule. Kila mtoto wa Katesh alijua kutengeneza gari la waya, lakini treni ilikuwa habari nyingine. Gari linataka magurudumu manne, basi. Treni yenye mabehewa matatu inataka kumi na sita au zaidi, na yote yalingane, la sivyo behewa linapiga magoti. Hapo ndipo msako ulipoanza. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kula. Bomba la moshi, ganda la betri ya tochi. Taa za mbele, vile vifuniko vya alumini vya chupa za dawa ya sindano, na vizibo vyake vya mpira vikawa magurudumu madogo. Magurudumu makubwa tulikata kwenye kandambili zilizokatika. Vyuma vya kuunganishia mabehewa vilitoka kwenye spoki za baiskeli. Na spoki, jamani, haikuwa kitu cha bure! Fundi baiskeli alikuwa akiihesabu kama karani wa benki. Ukiipata, unaweza kuibadilisha kwa visoda mfuko mzima.

Huko Ulaya vitu hivi vina maduka yake. Märklin wa Ujerumani walianza kuuza treni za kuchezea zenye vipimo maalumu mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool akaanza za kwake mwaka 1920. Mtu mzima na ndevu zake anaingia dukani kununua taa au ngazi ya behewa, ndogo mara 87 kuliko ya kweli. Sisi duka letu lilikuwa jalala. Tofauti ni kwamba kitu cha dukani kina bei tu, cha jalalani kina historia.

Hebu tuchukue kopo. Debe la mafuta ya taa lilikuja na meli, likapanda lori, likaingia vijijini hadi likawa kipimo cha mahindi. Likitoboka linakatwa kuwa koroboi, linapigwa kuwa bati la mlango. Kinachobaki ndicho cha mtoto. Kaka zetu waliokua mwanzoni mwa miaka ya 1980 walituambia kwamba wao hata kopo hawakuliona. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, maduka yakawa na rafu tupu, sabuni ya kupanga foleni. Wao magari yao yalikuwa ya mabua na udongo. Baada ya 1985, enzi ya Mzee Mwinyi na ruksa yake, bidhaa zilirudi na takataka zikarudi nazo. Kumbe ukitaka kujua uchumi wa nchi, usianze na hotuba ya bajeti. Angalia watoto wanachezea nini.

Mafundi wakubwa wa mchezo huu hawakuwa watoto, bali wahunzi wa Kidatoga. Kule upande wa ziwa Eyasi wanayeyusha kufuli mbovu na koki za bomba wakatoa bangili, wanapiga misumari ikawa vichwa vya mishale ya Wahadzabe. Hakuna chuma kinachokufa.

Sasa nifike kwenye waya, maana hapo mchezo unaisha. Waya bora ulitoka kwenye tairi lililochomwa moto. Hanang matairi makubwa yalikuwepo kwa sababu moja: ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba makubwa Basotu na kuendelea, hadi yakafika saba. Matrekta na kombaini zikaingia kwenye malisho bora ya Wabarbaig. Makaburi ya wazee wao, yale ya kilima yanayoitwa bung'ed, yalilimwa pamoja na nyasi. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO Arusha. Mahakama Kuu iliwapa haki kwa sehemu, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua. Mojawapo ya sababu zake: wadai hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Watu waliozika babu zao pale walidaiwa uthibitisho wa uenyeji.

Mtoto wa Kibarbaig aliyetengeneza kombaini ya waya, na niliziona kwa macho yangu, zenye ule mdomo mpana unaozunguka, alikuwa anatengeneza sanamu ya kitu kilichomfukuza ng'ombe wa baba yake. Kwa waya wa tairi lake! Yeye hakuliona hilo. Aliona mashine nzuri. Mzee aliyekaa pembeni aliona kitu kingine, akanyamaza.

NAFCO haipo tena, na zile treni na kombaini zimeoza zote. Hakuna makumbusho yaliyohifadhi hata moja. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, mnaolalamika mjini kwamba hamna la kuandika. Okota kizibo. Okota kandambili. Uliza ilitoka wapi, ilipitia kwa nani, na nani alipoteza nini ili ifike hapo. Wazee wenye majibu bado wapo, ila hawatatungoja.