Mkasi wa Dada

Picha pekee tuliyo nayo ya marehemu mama haina mwili wake. Uso ni wake, na kovu lake dogo juu ya jicho linaonekana. Lakini kuanzia shingoni kwenda chini ni mwili wa Mzungu fulani aliyevaa koti la manyoya, amesimama kando ya gari. Aliyefanya hivyo ni dada yangu, fundi cherehani, kwa mkasi na gundi ya unga wa muhogo. Kwa miaka mingi sikumsamehe.

Kilichonifanya nimfikirie upya kilitoka mbali, na jina lake, kwa bahati tu, ni hilo hilo: Dada. Hilo lilikuwa kundi la wasanii lililoanza Zurich mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, kisha likaenea hadi Berlin. Kwao neno hilo halikuhusu ndugu wa kike hata kidogo. Wengi wao walikuwa wanaume. Miongoni mwao alikuwamo Hannah Höch, mwanamke aliyezaliwa Gotha mwaka 1889.

Kuanzia mwaka 1916 hadi 1926 Höch aliajiriwa na kampuni ya Ullstein, iliyochapisha magazeti mengi. Kazi yake ilikuwa kubuni mifano ya kutarizi na kufuma kwa ajili ya wasomaji wa kike. Basi aliyajua magazeti hayo kwa ndani. Alijua jinsi ukurasa unavyomnong'oneza mwanamke kwamba amepungukiwa na kitu, na kwamba kitu hicho kinapatikana dukani. Akirudi nyumbani, aliyakata.

Mwaka 1920 kundi la Dada lilifanya maonyesho makubwa Berlin. Höch alileta picha iliyoungwa kwa vipande vingi vya magazeti, ambayo jina lake refu linataja kisu cha jikoni. Pembeni aliweka ramani ya nchi za Ulaya ambako wanawake waliruhusiwa kupiga kura. Wanawake wa Ujerumani walikuwa wamepiga kura ya kwanza ya taifa Januari 1919 tu. Katika picha nyingine ya wakati huo, aliyoiita Msichana Mzuri, mwanamke amevaa nguo za kuogelea, mahali pa kichwa pana taa ya umeme, na pembeni yake zimejaa nembo za BMW. Mtazamaji hujiuliza: huyu ni mtu, au ni tangazo? Hata hivyo, mwenzake Hans Richter, alipoandika kumbukumbu zake, hakusahau kutaja mikate, bia na kahawa ambavyo mama huyu aliwaandalia wanaume.

Baadaye Höch aliunganisha picha za vinyago, vya Afrika vikiwamo, na miili ya wanawake wa Kizungu. Hapo nakiri nilikereka. Mimi ni mjukuu wa watu waliotawaliwa na Wajerumani, na vinyago vina wenyewe. Lakini nilipotazama tena niliona kwamba kinyago na mwanamke wamewekwa juu ya kigoda kimoja, wote wawili wakitazamwa, wala hapana aliyeulizwa.

Ndipo nikakumbuka kibaraza cha dada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu, lakini ukuta wake ulijaa mitindo iliyokatwa kutoka magazeti makuukuu ya Ulaya. Mteja aliingia na kipande chake cha khanga, akanyoosha kidole ukutani: "Nishonee kama hii." Wote pale ukutani walikuwa Wazungu. Siku moja, kati yao, akaonekana mama.

Mwaka jana nilikwenda kumwona dada. Macho yake sasa hayaoni tundu la sindano. Nikamwuliza, baada ya miaka yote hiyo, kwa nini aliikata picha ya mama.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ulikuwa mtoto. Mama alikuwa akija kila jioni, akilitazama koti lile. Hakusema kitu. Pesa ya koti nisingeipata hata ningeshona usiku na mchana. Mkasi nilikuwa nao."

Nikanyamaza. Kisha nikamwuliza mama alisema nini alipoiona.

"Alicheka," akasema dada. "Halafu akasema koti lina joto."