Aliyewafungulia Wachoraji Mlango

Pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, yapo mabango ya saluni na ya maduka yaliyochorwa kwa mkono. Fundi hulipwa ujira wake, akaenda zake, na jina lake hakuna anayelijua. Leo tumkumbuke mtu aliyetambua kwamba mchoraji hahitaji rangi tu. Anahitaji pia mahali pa kuonyesha kazi yake.

Mtu huyo ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisomea sanaa Makerere, Uganda. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa kwenye kuta za kanisa la ukumbusho huko Fort Hall, ambako leo kunaitwa Murang'a, nchini Kenya. Humo Yesu ni Mwafrika, na nchi anayotembea ni vilima vya Wakikuyu. Waumini waliozoea picha za Kizungu waliiona Injili ikitendeka nyumbani kwao.

Angeweza kuridhika na sifa hizo. Lakini alifungua nyumba ya sanaa ya Kibo kwao Marangu, na mwaka 1965, yeye na wenzake, akiwamo mwandishi Hilary Ng'weno, walianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi. Jina hilo lamtaja swala anayepaa. Wachoraji, wachongaji na waandishi wa Kiafrika walipata ukumbi wao wenyewe, na Njau hakuchoka kuwaonya dhidi ya kuiga.

Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ile. Njau na mkewe Phillda hawakufunga mlango. Waliendelea kupokea wasanii. Hata hivyo, moto ule unatufundisha jambo: hazina ya umma isiachiwe familia moja kuilinda.

Sisi wa Njombe tunangoja nini? Hatuhitaji jumba la mamilioni. Darasa moja likiazimwa wakati wa likizo latosha: picha zitundikwe ukutani, vikapu na vyungu vipangwe mezani, na kila kazi iandikwe jina la aliyeitengeneza pamoja na bei yake. Halmashauri itoe ukumbi, walimu walete vijana, nasi tulionunua mabango twende tukanunue picha.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini chanda kilichofichwa mfukoni, ndugu zangu, nani atakivika?